Kabezi kazi ipo, malipo ya kazi ndiyo hayapo

Alfajiri katika mwalo wa Kabezi, mitumbwi inaporudi na ndagala, akina mama huwa wamekwisha kufika na beseni zao. Wengine wametembea kutoka milimani gizani. Kabla ya jua kuwa kali, samaki wamenunuliwa, wameanikwa au wameanza safari ya kwenda sokoni Bujumbura, mwendo wa kilomita kama 20. Jioni mama huyo huyo yuko shambani au jikoni.

Mtu wa namna hii haambiwi afanye kazi kwa bidii. Anaijua.

Kaulimbiu ya taifa la Burundi ni Umoja, Kazi, Maendeleo. Rais Évariste Ndayishimiye, aliyeingia madarakani mwaka 2020, amekuwa akihimiza kwamba kila kinywa kipate chakula na kila mfuko upate pesa. Serikali yake imeweka shabaha ya nchi inayoibukia kiuchumi ifikapo 2040, na iliyoendelea ifikapo 2060. Si Burundi peke yake: Tanzania nayo ilisikia "Hapa Kazi Tu" mwaka 2015. Ni maneno mazuri. Tatizo huanza pale mwananchi anapokosa, kisha akaambiwa kwamba hakujituma.

Itazamwe hesabu ya mfanyabiashara mdogo. Mwanzoni mwa 2023, dola moja kwa bei ya benki ilikuwa kidogo zaidi ya faranga 2,000. Mwezi Mei mwaka huo Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga, dola ikapita 2,800. Aliyekuwa na mtaji wa faranga milioni moja, uliolingana na karibu dola 480, alibaki na wa karibu dola 350. Hakulala, hakulewa, hakucheza kamari. Na hiyo ni bei ya benki. Anayekwenda Kigoma kununua bidhaa kwa kawaida hupata fedha za kigeni mtaani, ambako bei ni kali zaidi.

Ongeza uhaba wa mafuta, uliodumu kwa miaka. Mtumbwi wa injini usipopata mafuta hautoki, na gari lisipopata mafuta, ndagala huchelewa sokoni na bei yake huanguka. Ongeza mwaka 2024, ziwa lilipofurika na kuvamia nyumba na barabara za pwani.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Lakini kivuli hakiji chenyewe; mti lazima upandwe. Mwananchi ametoa jasho. Kupanda mti, yaani sarafu inayotulia, mafuta yanayopatikana, barabara inayopitika na mpaka usiomkamua mnyonge, ni kazi ya serikali, na hapo nako bidii inatakiwa.

Dalili njema zipo. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipitisha mradi mmoja wa nchi mbili: kilomita 45 za Rumonge–Gitaza upande wa Burundi, na kilomita 260 za Kabingo–Kasulu–Manyovu upande wa Tanzania. Njia hiyo ikikamilika yote, dagaa na mawese ya Rumonge vitafika Kigoma kwa gharama nafuu, na unga na saruji vitarudi vivyo hivyo.

Upo pia utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, huvuka kwa cheti rahisi cha asili bila kutozwa ushuru wa forodha. Mfanyabiashara asiyejua haki hii hupita njia za panya akihofia kutozwa, na huko ndiko mzigo hupotea. Tangazo la haki hiyo libandikwe kwa Kirundi na Kiswahili kila mwaloni na kila kituo cha mpaka, na afisa anayedai zaidi awajibishwe.

Mama wa Kabezi ataamka tena kesho alfajiri, awe amehimizwa au hakuhimizwa. Kinachosubiriwa ni kuona kama wanaomhimiza nao wataamka.