Mhandisi Hafunzwi Ubaoni Pekee

Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, kimefunza kwa miradi tangu kilipoanzishwa mwaka 1974. Kila muhula vikundi vya wanafunzi hukabili tatizo halisi, mhadhiri akiwaelekeza. Hapa kwetu shahada ya uhandisi huchukua miaka 5, na mradi wa maana aghalabu hungojwa hadi mwaka wa mwisho.

Lakini mwanaisimu ana nini na mitambo? Pampu ya maji huundwa na mhandisi, ila huteka kwayo mama wa Kitui, ambaye hueleza hitilafu zake kwa Kikamba au Kiswahili. Mwanafunzi asiyefunzwa kumsikiliza atampelekea chuma kizuri kisichomfaa. Hapana budi wahadhiri wa mitambo, uchumi na lugha waketi na kikundi kimoja, hata wakibishana mbele ya wanafunzi (na tutabishana!).

Wahadhiri ni wachache, kweli. Hata hao waliopo hupandishwa vyeo kwa makala walizochapisha, si kwa saa walizokaa karakanani na wanafunzi. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi, lililozoea miradi tangu shule ya msingi, linatarajiwa vyuoni mwaka 2029. Kamati za vyeo zianze kuzihesabu saa hizo kabla halijafika.