Okoa diski ya harusi kabla haijafa
Diski ya harusi iliyochomwa mtaani haina umri mrefu. Picha zake zimeandikwa kwenye tabaka jembamba la rangi, na jua, joto na unyevu wa pwani huila rangi hiyo taratibu. Anayetaka kuinakili nyumbani asikimbilie programu yenye vitufe vingi. Ajiulize kwanza anataka kupata nini. HandBrake, ambayo ni ya bure, hugeuza video iwe faili la MP4 la kutazamwa kwenye simu, lakini haichomi diski, wala haifungui filamu za dukani zenye kufuli. ImgBurn, ya bure pia, huichukua diski nzima kama ilivyo, pamoja na menyu yake, ikaihifadhi kama faili moja la ISO, kisha ikakuchomea nakala. Toleo lake la mwisho ni la 2013, na kwa kazi hii naipendekeza bila wasiwasi, mradi usome kila ukurasa unapoiweka, maana kisakinishi chake kimewahi kubeba programu za matangazo. Mwenye Linux atumie K3b. Nasisitiza jambo moja: usiondoe alama kwenye kisanduku cha kuhakiki. Uhakiki unaongeza dakika kadhaa, lakini ndio unaosoma nakala upya na kuilinganisha na faili. Mafundi wengi huuruka, na familia hugundua baadaye kwamba video inaganda bibi harusi anapoingia ukumbini. Tunza pia ile ISO kwenye diski ya nje, maana kesho shangazi naye ataomba yake.