Tulimsubiri Joker

Wapenzi wa filamu walihesabu siku. Filamu ya Joker, iliyotwaa tuzo ya Simba wa Dhahabu huko Venice mwezi wa Septemba 2019, ilitoka Oktoba mwaka huo. Tangu 1940 vitabu vya katuni vya Batman vimetuonyesha mwovu huyu akiua huku akicheka. Kwa filamu hiyo tulitaka kujua nani alimuumiza. Hamu hiyo ni njema, kwani hakuna aliyeumbwa mwovu. Lakini tujihadhari. Mtakatifu Augustino, akikumbuka mapeasi aliyoiba ujanani, hakusingizia njaa. Alikiri kwamba aliipenda dhambi yenyewe. Kidonda hueleza dhambi, hakiifuti. Nasi kabla ya kumlilia Joker, tumwendee jirani anayechekwa mtaani kwetu leo, angali anaumia tu.