Imeili Zako Ziko Wapi Hasa?

Wasee, leo sina video. Nina swali moja tu: imeili zako ziko wapi?

Usiniambie "si ziko tu kwa simu." Mimi pia nilidhani najua, mpaka mwaka jana laptopu yangu ilipopotea kwa matatu nikitoka tao usiku. Ilikuwa imezeeka, kwa hivyo sikulia sana. Kilio kilikuja wiki iliyofuata, wakati mteja mwenye deni langu la shilingi 35,000 aliniuliza, "Tulikubaliana wapi?" Tulikubaliana kwa imeili. Nikaingia kwa seva na simu, nikapata kikasha kitupu. Hata salamu hakuna.

Kumbe nilijiroga mwenyewe. Anwani yangu ya kazi iko kwa seva ndogo ninayolipia, na nafasi yake ni ya kubana. Ndio maana nilikuwa nimeunganisha laptopu kwa njia ya POP3, nikaiambia ishushe barua halafu izifute kwa seva. Niliona nimecheza kama mimi: seva haijai, na barua za zamani nazisoma bila bando. Lakini maana yake barua zote zilikuwa zinaishi mahali pamoja, na hapo mahali palishuka na mtu mwingine stejini.

Wakaniambia, "Si utumie IMAP, bana." Na ni kweli, IMAP huacha barua kwa seva, kisha laptopu na simu zinakuonyesha kitu kile kile. Nikahamia huko. Lakini hapa ndipo wengi wetu tunajidanganya: IMAP si akiba. Ukifuta barua kwa laptopu ndio upate nafasi, inafutika kwa seva, na kwa simu pia inapotea. Mtu akipata paswadi yako afagie kila kitu, laptopu yako ikishika mtandao itafagia vilevile. Kuiona barua moja mahali patatu hakumaanishi una barua tatu.

Na usiwategemee wakubwa kwa kila kitu. Gmail inakupa GB 15 bure, lakini hapo ndani kuna picha zako na faili za Drive pia. Zikijaa, barua mpya hazikufikii. Na akaunti usiyoigusa kwa miaka 2, Google wanaweza kuifuta.

Najua kuna mtu anasema imeili ni ya wazee, sisi ni WhatsApp. Sawa. Lakini HELB, eCitizen na barua ya kuitwa kazi zinakutafuta wapi? Siku ukihitaji ushahidi, hakuna atakayekuuliza stika ulizotuma.

Siku hizi nafanya hivi. Seva inabaki na barua zote kwa IMAP. Kwa laptopu natumia Thunderbird, na mikataba na risiti nazinakili kwa folda za ndani, zile hazifuatani na seva. Mwisho wa mwezi nafunga programu, nanakili folda yake nzima kwa diski ya nje yenye paswadi, na hiyo diski inakaa kwa mathe, si kwa begi langu. Kwa Gmail, Google Takeout inanipa barua zote kwa faili ya MBOX. Kisha nafungua barua mbili tatu kwa ile nakala, juu faili isiyofunguka ni mzigo tu. Kazi yote haizidi saa moja.

Yule mteja? Alilipa nusu, tena kwa huruma. Ile nusu nyingine ndiyo karo niliyolipa kujifunza haya.

Kwa hivyo leo kabla ulale, jiulize: laptopu ikiibiwa na akaunti ifungwe siku moja, nitabaki na nini? Kama jibu ni "hakuna," tafuta diski wikendi hii.