Unene Hautaondoka kwa Sindano Peke Yake

Kwa miaka mingi visiwani kwetu kitambi kimehesabiwa kuwa ni dalili ya neema, na mtu akipungua huulizwa kama anaumwa. Utafiti wa tiba umekwisha kuivunja dhana hiyo. Unene uliokithiri ni maradhi, na nyuma yake hufuata kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Mwaka 2022 waliokuwa nao duniani walizidi bilioni moja.

Chanzo chake si ulafi mtupu. Mwaka 2019 wataalamu wa Marekani waliwaweka watu 20 hospitalini wale watakavyo, wiki mbili vyakula vya viwandani na wiki mbili vyakula visivyopita kiwandani. Sukari na mafuta yaliyotengwa mezani yalilingana, lakini kwa vyakula vya viwandani walizidisha kiasi cha kalori 500 kwa siku, na uzito ukapanda.

Tiba nayo imepiga hatua. Katika jaribio la watu 1,961, lililotangazwa mwaka 2021, waliochomwa sindano ya semaglutidi kila wiki kwa wiki 68 walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao. Wenziwao waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Hata hivyo, waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuiacha walikuwa wamerejesha theluthi mbili ya uzito walioupunguza. Hiyo basi ni dawa ya kununuliwa miaka nenda miaka rudi, kwa fedha za kigeni. Mgonjwa anayeihitaji asinyimwe. Lakini hazina ya visiwa haiwezi kuifanya ndiyo ngome yake.

Tuwatazame wenzetu wa Mauritius. Mwaka 1987 Serikali yao iliyabadilisha mafuta ya kupikia ya bei nafuu, kutoka ya mawese kuwa ya soya. Kufikia mwaka 1992 wastani wa lehemu katika damu za watu ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7. Lakini katika miaka hiyo hiyo unene uliongezeka. Somo hapa ni mawili: uamuzi uliofanywa ofisini huweza kufika katika damu ya kila mwananchi, na uamuzi mmoja hautoshi.

Sehemu kubwa ya mchele, unga wa ngano na mafuta yetu hushushwa bandarini. Kwa hiyo jambo hili si la daktari peke yake. Wenye kupanga ushuru, kilimo, viwanja vya skuli na njia za waendao kwa miguu wote wamo. Muhogo, majimbi na samaki visiwe ghali kuliko soda na biskuti.

Na sisi viongozi tuanze na meza za mikutano yetu, ambako soda na sambusa hutangulia ajenda. Tuliofundishwa chuoni kuliachia tumbo theluthi moja tu ya chakula hatuna udhuru wa kutojua.