Mtori Hauleti Maziwa

Juzi mtangazaji mmoja wa redio alimjibu mzazi wa siku mbili aliyelalamika kwamba mtoto analia na maziwa hayatoki. Alimwambia anywe supu ya mtori na uji wa pilipili manga, na mtoto apewe maziwa ya kopo mpaka ya mama yajae. Hasira yangu haijaisha hadi leo.

Siku ya pili! Siku za mwanzo titi hutoa dang'a, matone mazito ya njano, nayo yanamtosha mtoto, maana tumbo la kichanga siku ya kwanza hujazwa na kama kijiko kimoja cha chai. Maziwa mengi huja siku ya tatu au ya nne, na kwa aliyepasuliwa huweza kuchelewa zaidi.

Kinacholeta maziwa ni kunyonywa. Titi likinyonywa mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo, mwili hutengeneza. Likiachwa limejaa, mwili hupunguza. Sasa mpe kichanga chupa: atashiba, atalala, titi litakaa bila kunyonywa, na baada ya siku chache maziwa yatapungua kweli. Hapo mama mkwe atasema, si niliwaambia? Chupa yenyewe ndiyo iliyoyakausha!

Mdogo wangu aliletewa sufuria za supu na kila mgeni aliyeingia. Mtoto aliendelea kulia, kwa sababu alikuwa akinyonya ncha tu ya chuchu. Mkunga mmoja mwenye subira alikaa naye kitandani, akamweka mtoto vizuri, kinywa wazi, weusi wa titi ukaingia. Tangu hapo mtoto akanyonya. Mtori ni chakula kizuri, mzazi ale ashibe, lakini hauwezi kufanya kazi ya kinywa cha mtoto.

Wengine hudai eti matiti madogo hayana maziwa. Upuuzi mtupu! Ukubwa wa titi kwa sehemu kubwa ni mafuta.

Mtoto hulia kwa mengi. Tazameni nepi: kuanzia siku ya tano, akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku na uzito ukapanda kliniki, anashiba. Asipokojoa, au akilegea na kulala tu, mkimbizeni hospitali. Wapo akina mama ambao maziwa yao ni machache kwa sababu ya kipande cha kondo kilichobaki tumboni, damu nyingi iliyopotea au ugonjwa wa tezi ya shingo. Hao wanahitaji daktari, na daktari akimwandikia mtoto maziwa mengine, mtu asiwasimange.

Na waajiri nao! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inamruhusu mama kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Ni waajiri wangapi wanaoiheshimu? Mama anarudi kazini baada ya siku 84 za likizo ya uzazi, anashinda dirishani akihudumia watu, anafika nyumbani jioni titi linamuuma kwa kujaa, anakuta mtoto kashibishwa uji. Kisha wifi anatangaza mtaani kwamba kakauka.