Vikaratasi

Barazani kwetu Kiwengwa, baada ya sala ya alasiri, kuna neno moja nimelisikia tangu ujana wangu, na kila nikilisikia huniudhi. Neno lenyewe ni hili: "Nchi hii ilipatikana kwa mapanga, haiwezi kutoka kwa vikaratasi." Vikaratasi ndizo kura. Msemaji huwa ameegemea nguzo, kikombe cha kahawa mkononi, na akishalisema hutazama huku na huku kama mtu aliyekwisha kufunga mjadala.

Siku moja mtoto wa dada yangu alikuwa ameketi nasi na kitabu chake cha skuli, anasoma habari za Mapinduzi ya Ufaransa. Akauliza kwa adabu: "Babu, kwani hayo mapanga yalishikwa kwa sababu gani?" Mzee hakumjibu. Wala mimi sikumjibu, nikajifanya natazama bahari. Leo nalipa deni langu.

Mapanga, mwanangu, yalishikwa kwa sababu ya vikaratasi. Sababu nyingine zilikuwapo na si ndogo: ardhi iliyokuwa mikononi mwa wachache, dharau ya rangi na nasaba, kumbukumbu ya utumwa. Lakini tazama uchaguzi wa Julai 1963. Afro-Shirazi ilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura zote, ikaambulia viti 13 katika 31. ZNP na ZPPP, vilivyoungana, vikapata 18 na serikali ikawa yao. Majimbo yalivyokatwa ndivyo yalivyoamua. Mwingereza akakabidhi uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na Sultani Jamshid bin Abdullah akabaki katika kiti cha enzi. Kiti kile kilidumu siku 33.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni vikatekwa. Sultani akapanda meli, akakataliwa kushuka Mombasa, akapitia Dar es Salaam, akaishia Uingereza. Alirudi Oman mwaka 2020 na kufariki huko Desemba 2024. Nyuma yake waliuawa maelfu ya watu, wengi wao wenye asili ya Kiarabu, na hadi leo hesabu yao inabishaniwa. Mtu anayetaja mapanga kwa kujisifu na akumbuke pia yalikopita.

Basi ikiwa kosa la utawala ule lilikuwa kwamba wengi walipiga kura na wengi hawakutawala, dawa yake ilikuwa nini? Akili ya kawaida inasema ni kura iliyo bora zaidi. Na ndivyo ilivyoahidiwa. Amri ya mwaka 1964 ilisema litaitwa Baraza la Kutunga Katiba katika muda wa mwaka mmoja. Mwaka ukapita, baraza halikuitwa. Zanzibar ilikaa bila katiba yake hadi 1979, na Baraza la Wawakilishi halikuzaliwa hadi 1980. Miaka 16! Mtoto aliyezaliwa usiku wa mapinduzi alikuwa amebaleghe.

Hapa ndipo kitabu cha yule kijana kinapotufaa. Wafaransa walivamia kasri la mfalme wao tarehe 10 Agosti 1792, wakatangaza jamhuri mwezi uliofuata, na Januari 1793 wakamkata kichwa Louis wa 16. Mwaka huohuo wakaandika katiba iliyompa kila mwanamume mzima haki ya kura. Wananchi wakaulizwa, wakaikubali. Kisha ikatiwa katika sanduku la mbao za mwerezi, na Oktoba ikatangazwa kwamba serikali itakuwa ya kimapinduzi mpaka amani ipatikane. Katiba ile haikutoka sandukuni. Kilichotoka ni mashine ya kukatia vichwa, nayo haikuchagua mfalme wala mwanamapinduzi: Julai 1794 ilimla Robespierre mwenyewe. Miaka 10 baadaye Ufaransa ilikuwa na Napoleon, na huyo hakuridhika na ufalme, alijiita kaisari.

Sisi nasi tuna yetu. Aprili 1972 Mzee Karume alipigwa risasi Kisiwandui. Ni msiba, na simshangilii aliyeutenda. Nauliza tu: katika nchi isiyokuwa na kura, mwenye chuki na mtawala ameachiwa njia gani? Vikaratasi wanavyovidharau ndivyo vinavyomwezesha mtawala kuondoka akiwa hai, akazeeka, akacheza na wajukuu. Mwenye kuvidharau hajui vinamlinda nani.

Watu wataniambia: Mapinduzi yalitupa ardhi, skuli na hospitali bila malipo. Ni kweli, nami ni katika waliosoma bure. Ingawa hapa Kiwengwa ni uwanda, mawe matupu, na karafuu za eka tatu zilikuwa za wenzetu wenye udongo, sikanushi fadhila hizo. Lakini Sultani naye alikuwa na watu wake wa kumshukuru. Fadhila hutolewa na yeyote aliyeshika ufunguo wa ghala. Haki ni kuwa na ufunguo wako.

Wala usiniambie hayo yamekwisha na mwaka 1995, vyama vingi viliporudi kwenye sanduku la kura. Tarehe 25 Oktoba 2015 tulipiga kura. Tarehe 28 uchaguzi wote wa Zanzibar ukafutwa, kabla matokeo hayajakamilika kutangazwa. Wanawake wa hapa walikuwa wanafunga mwani baharini na wino bado haujatoka vidoleni. Maji ya chumvi hayakuwahi kuusugua. Ukarudiwa Machi 2016, na wapinzani wakubwa wakaususia.

Kwa hiyo, mwanangu, jibu la swali lako ni hili. Anayesema nchi haitoki kwa vikaratasi hayalindi Mapinduzi. Anasema alichokisema aliyekata majimbo ya 1963, ila amebadilisha kofia. Kama kura ya wengi ni kitu cha kupuuzwa, basi Sultani alionewa. Na kama hakuonewa, basi kura ya wengi ni amana, iwe imempendeza mkubwa au imemchukiza.

Kesho alasiri nitakwenda barazani mapema. Mzee akilisema tena neno lake, safari hii sitatazama bahari.